Mkaguzi Aliyehesabu Majiko

Alikuwa na namna yake ya kubisha mlango. Aligonga mara mbili kwa kifundo cha kidole kimoja, kisha akarudi nyuma hatua tatu na kusimama katikati ya ua, mikono yake yote ikionekana, ili yeyote atakayechungulia kwenye pazia aone kwamba yuko peke yake na hana polisi nyuma yake. Hapo ndipo alipoita, "Hodi jikoni!" Huko Bellevue, mtaa wa Johannesburg ambako nyumba iliyojengwa kwa familia moja imekatwakatwa kwa mbao na mapazia hadi ikawa vyumba kumi na viwili, watu huzoea kunyamaza mlango unapogongwa. Watoto wenyewe huacha kulia. Lakini mwanamke huyo alifunguliwa.

Tulimwita Mkaguzi. Mama yangu, kwa adabu za Tanga, alimwita Bi Mkaguzi. Jirani yetu Papa Kasongo, Mkongomani aliyekuwa mlinzi wa maduka, alimwita Mama Kontrole. Kazi yake ilikuwa katika wakala wa nishati wa jimbo, ofisi ya serikali iliyopewa jukumu la kuwatoa watu wa mji huu kwenye makaa ya mawe na mafuta ya taa na kuwapeleka kwenye umeme wa jua. Wenzake walikaa katikati ya mji, ghorofa ya sita, wakichora ramani. Yeye alipanda kwenye mapaa na kusema ni lipi linaweza kubeba paneli na ni lipi litaanguka.

Nilimfahamu kwa miaka minane na sijui alizaliwa wapi. Akikasirika, lafudhi yake ilikuwa ya Unguja. Akitaka kitu, ilihamia Dar es Salaam. Kizulu chake alikitumia kwa madereva wa teksi, na siku moja nilimsikia akimgombeza dereva mmoja kwa sauti ya chini, polepole, bila tusi hata moja, mpaka yule kijana akashuka garini na kumwomba radhi. Alikuwa na kitambulisho halali cha nchi hii. Alikipataje, hakutuambia, nasi hatukuuliza, maana swali kama hilo miongoni mwetu ni sawa na kumfunulia mtu nguo.

Umri wake ulikuwa umepita sitini. Alivaa baibui jeusi, chini yake suruali ya jinzi, na miguuni buti za mgodini zenye chuma kwenye vidole. Kofia ngumu ya manjano aliipachika juu ya ushungi. Akifika kwenye ngazi alilikusanya baibui, akalifunga kiunoni kwa mkanda wa ngozi, akapanda bila kutazama chini. Wanaume waliokuwa wamekaa uani waligeuza nyuso kwa heshima. Papa Kasongo hakugeuza, maana yeye ndiye aliyeshika ngazi.

"Mama Kontrole," alimwuliza siku moja kutoka chini, "ukianguka huko juu, sisi tutaandika nini ku fomu?"

"Andika nimekufa kwa jua," alijibu. "Halafu wewe panda umalizie kupima."

Kule juu alikuwa mtu mwingine. Chini alikuwa na haraka, akikatiza maneno ya watu, akitafuta miwani iliyokuwa tayari usoni pake. Juu ya bati alitulia. Wakati wa adhuhuri ukimkuta huko, alivua buti, akatandika gazeti, akaelekea kaskazini akaswali, na nyuma yake vilima vya taka za migodi viking'aa manjano kama kitu kilichosahaulika motoni. Nimepita maeneo mengi ya Johannesburg tangu hapo, na bado nikiona paa lenye paneli ninamtafuta mtu aliyesujudu pembeni.

Fomu ya wakala ilianza na jina la mkuu wa kaya. Chini yake majina ya wakazi wengine, namba za vitambulisho, kisha mengineyo. Mkaguzi aliigeuza chini juu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mnapika wapi?" La pili, "Mnapikia nini?" La tatu, "Na jiko linalala wapi mnapolala nyinyi?" Akijibiwa, alitikisa kichwa, akachora. Ndiyo, alichora. Mahali palipotakiwa jina la mtu alichora kisufuria kidogo chenye masikio mawili, kimoja kwa kila jiko. Kama ni jiko la mafuta ya taa, alikiwekea mstari chini. Kama ni mbaula, ile ndoo ya bati iliyotobolewa matundu ambayo watu hujaza makaa ya mawe siku za baridi, alikipaka weusi wote. Fomu ya nyumba yetu ilikuwa na visufuria kumi na vinne. Vitano vilikuwa vyeusi.

Sababu ya kutoandika majina nilimsikia akimweleza mama mara moja tu, wakichambua mchele. Zamani, kabla ya wakala, alikuwa amefanya kazi ya kuhesabu watu katika jengo moja refu la Hillbrow, kwa ofisi nyingine ya serikali. Aliambiwa ni kwa ajili ya mablanketi. Aliandika vizuri, ghorofa kwa ghorofa, maana alijivunia mwandiko wake. Wiki chache baadaye alipita hapo akiwa na mfuko wa vitunguu, akakuta magari ya polisi yameegeshwa na watu wakiteremshwa ngazi kwa majina. Mtu mwenye karatasi alisimama mlangoni akisoma. Mkaguzi alimkaribia, akatazama juu ya bega lake.

"Mwandiko ulikuwa wangu," alimwambia mama. "Hata ile mikia ninayoiweka kwenye herufi. Yangu."

Mama aliinamia sinia. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, na Mkaguzi naye akaendelea, mpaka sinia likawa jeupe.

Kwa ghorofa ya sita alikuwa mwiba. Vijana waliosoma, wengine wakiwa wazuri wa moyo, waliamini kwamba mita moja ya umeme ni familia moja. Kwenye ramani zao nyumba yetu ilikuwa nukta ndogo ya kijani, maana yake nyumba inayotumia umeme kidogo, isiyo na shida. Ilitumia umeme kidogo kwa sababu mwenye nyumba alifunga swichi kuu kwenye kisanduku cha chuma na kutufungulia taa tu. Mkaguzi aliwaeleza kwa barua, wakamjibu kwa barua. Mwishowe akamchukua mhandisi mmoja, kijana mrefu mwenye begi la kompyuta, akamleta kwetu jioni wakati vyumba vyote vinapika, akamsimamisha katikati ya korido na kumwambia angoje hapo, anakuja sasa hivi. Akaenda chumbani kwetu akaketi. Kijana alivumilia dakika chache. Alitoka uani akifuta machozi, anakohoa, tai ameitia mfukoni. Mkaguzi alimpelekea maji na kumwambia kwa upole kwamba hiyo ndiyo nukta yake ya kijani. Baada ya hapo ramani ilibadilishwa, na nyumba zenye majiko mengi zikawekwa mbele ya zile zenye mita nyingi. Nadhani hilo ndilo jambo kubwa alilofanya maishani, na jina lake halikuandikwa popote.

"Tuanze na kifua," alipenda kusema. Nilimsikia akilisema kwa mafundi, kwa madiwani, kwa imamu, kwa padri wa Warundi. Mara moja wakala uliitisha mkutano kwenye ukumbi wa kanisa karibu na barabara ya Rockey, na msemaji wao akaonyesha ukutani picha za barafu inayoyeyuka na mistari myekundu inayopanda. Alizungumza Kiingereza kizuri. Watu walikaa kwa adabu. Papa Kasongo alikuwa amelala akiwa ameketi wima, ujuzi alioupata kazini. Mkaguzi alikwenda akazima mashine ya picha, akamwomba msemaji samahani, akauliza kwa Kiswahili, halafu Kizulu, halafu kwa Kifaransa kibovu sana, ni nani humu amewahi kuamka asubuhi ya baridi kichwa kinamwuma kama kimefungwa kamba. Mikono ikainuka, mingi. Akauliza ni nani anayemfahamu mtu ambaye asubuhi hiyo hakuamka kabisa.

Kisha mkono mmoja ukainuka, karibu na mlango. Kisha wa pili. Fundi cherehani wa Burundi aliyekaa chumba cha nyuma cha nyumba yetu aliinua wake bila kuutazama, kana kwamba si wake. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amelala karibu na mbaula, dirisha likiwa limezibwa kwa nailoni.

"Basi tabianchi ndiyo hiyo," Mkaguzi alisema. "Moshi unaotuua humu ndani ndio huo huo ukitoka nje unaiharibu hewa ya dunia nzima. Tuanze na kifua. Huko kwenye barafu tutafika."

Sitaki mdhani alikuwa mtakatifu. Aliwahi kumfokea fundi cherehani huyo huyo, miezi michache baada ya msiba, alipokuta ameirudisha nailoni dirishani kwa sababu ya baridi. Alimfokea mbele ya mkewe maneno ambayo mtu hasemi kwa mfiwa. Siku iliyofuata alikuja na kioo kimefungwa kwenye blanketi, akakipachika mwenyewe, akaondoka bila kuomba radhi. Aliidanganya ofisi yake kila ilipomfaa. Alipanda paa la ghorofa tatu bila kujali, lakini mbwa mdogo akibweka getini alijificha nyuma yangu na kunishika mkanda wa mkoba. Na siku niliyokwenda kwake Hillbrow, ghorofa ya kumi na moja, kumpelekea dawa, nilimkuta barazani akipepea jiko la mkaa, moshi ukipaa kuelekea anga alilokuwa akililinda kwa mshahara.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Hii ni ya samaki tu," alisema. "Serikali haijui kupika samaki."

Mama yangu alikuwa akikaanga chapati na kupika maharage chumbani, akiwauzia watu wa mtaani. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, kabati, na jiko la mafuta ya taa lililokaa kwenye kigae cha sakafu kwa sababu mbao ziliwahi kushika moto. Mwaka wa tano wa kazi hiyo kikohozi kilimwingia na hakikutoka. Daktari wa zahanati alimwambia aache kuvuta moshi. Mama alidhani anasema sigara, akamwapia kwamba hajawahi kugusa. Nilipomfafanulia, aliniuliza atapikia nini. Basi nyumba yetu ilipopangwa kwenye mradi wa jua, halikuwa jambo la taa kwetu. Lilikuwa jambo la kama mama atapumua.

Tulipangwa kwa sababu ya visufuria. Wakala ulitoa paneli, betri, tangi la maji moto na majiko ya umeme, na mwenye nyumba akatakiwa atie sahihi mkataba. Na humo kwenye mkataba kulikuwa na sharti ambalo Mkaguzi mwenyewe alilipigania kwenye vikao vingi: mwenye nyumba aliyepokea mali ya jimbo haruhusiwi kumwondoa mkazi aliyeorodheshwa kwa muda wa miaka mitatu. Alilijua mapema jambo ambalo ghorofa ya sita haikulifikiria, kwamba nyumba ikipata mwanga inakuwa nzuri, na nyumba ikiwa nzuri hutafutiwa watu wengine. Alikuja kutueleza sharti hilo siku ya Jumapili, uani, uso umemng'aa. Papa Kasongo aliuliza kama ataandika majina yetu.

"Mnataka niyaandike?" aliuliza naye.

"Hapana, mama. Ukituandika, kesho banakuja kutubeba."

"Basi siandiki. Mna majiko. Majiko yanatosha."

Aliamini hivyo, na sisi tulimwamini. Aliyatia majiko yote kumi na manne kwenye fomu, kila moja na mstari wake au weusi wake, akaigonga muhuri.

Paneli zilipandishwa mwisho wa kiangazi. Nakumbuka mafundi wakiimba, na watoto wa nyumba, wanaosikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, wakihesabu kwa sauti kila kipande kilichopita dirishani. Nakumbuka jiko la umeme likiwashwa mara ya kwanza chumbani kwetu: hakuna moto, hakuna harufu, mama akiweka kiganja juu yake na kukitoa haraka, kama mtu aliyegusa mnyama aliyelala. Alipika chapati mlango ukiwa umefungwa. Kwa wiki kadhaa niliamka asubuhi bila kusikia kikohozi, na nikawa nanyanyuka kitandani kwenda kutazama kama yu hai.

Umeme wa mji ulipokatika, kama ulivyokatika mara nyingi miaka ile, mtaa wote ulizama gizani na nyumba yetu ikabaki inawaka. Hilo ndilo lililotuponza. Mwenye nyumba, aliyekuwa akija mwisho wa mwezi tu, alianza kuja kila wiki na watu waliovaa vizuri, akiwaonyesha korido, akiwaonyesha paa. Walituangalia jinsi mtu anavyoangalia fanicha ya mpangaji aliyetangulia. Baridi ilipoanza kukaza alibandika karatasi kwenye lango: vyumba vyote viachwe wazi ifikapo mwisho wa mwezi, nyumba inafanyiwa ukarabati.

Mkaguzi alikuja siku hiyo hiyo. Aliibandua karatasi, akaisoma, akaikunja vizuri, akasema hana ubavu wa kutufukuza huyu, sharti lipo. Akatupeleka kulalamika. Tulikwenda watu tisa kwa miguu mpaka kwenye ofisi ya wakala, asubuhi, nyasi za pembeni zikiwa zimekaushwa na baridi na moshi wa mji umelala chini kama blanketi chafu. Ghorofa ya sita kulikuwa na joto. Mama alivua koti, akaona blauzi yake imechanika begani, akalivaa tena.

Mwenyekiti wa kikao cha malalamiko alikuwa mwanamke mwenye sauti laini. Sina neno baya la kumsema. Alimsikiliza Mkaguzi mpaka mwisho. Alifungua jalada, akaitoa fomu ya nyumba yetu, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaigeuza ili wote tuione: ukurasa mzima wa visufuria.

Alieleza kwamba sharti linamlinda mkazi aliyeorodheshwa. Alitaka kutusaidia. Angeweza hata sasa hivi kuyaingiza majina kwa mkono wake na kumwandikia mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Lakini, na hapa alishusha sauti zaidi, ilikuwa haki yetu kujua kwamba orodha yoyote ya wakazi hupelekwa pia kwenye ofisi inayoshughulikia vibali vya wageni, kuhakikiwa. Ndio utaratibu. Hakutaka kututega, ndiyo maana alisema.

"Majina tu, mama," alimwambia Mkaguzi. "Unayo?"

Alikuwa nayo. Aliyajua yote kichwani, chumba kwa chumba, majina ya watoto na ya waliokuwa tumboni. Aliinuka na kugeuka kututazama, na mimi niliona kwamba anatuuliza. Papa Kasongo alitazama viatu vyake. Fundi cherehani alimvuta mkewe karibu. Mimi nilikuwa na kibali cha masomo, halali, mkobani mwangu, na ningeweza kusimama nikataja jina langu moja, likawa angalau jina moja kwenye karatasi. Lakini jina langu limebeba la mama, na kibali cha mama kilikwisha siku nyingi. Nilimtazama. Alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

Mkaguzi akageukia meza.

"Sina majina," alisema.

"Hukuyachukua?"

"Sikuyachukua."

"Basi kwa karatasi zangu, mama, watu hawa hawapo."

"Wapo hapo nyuma yangu," alisema Mkaguzi. "Wanakohoa. Unawasikia."

Mwenyekiti alikubali kwamba anawasikia. Akafunga jalada.

Tulihama kabla ya mwezi kwisha. Papa Kasongo alikwenda Hillbrow kwa ndugu zake, watu saba chumba kimoja. Fundi cherehani alivuka mipaka kadhaa kurudi alikotoka, na cherehani yake aliiacha uani kwa sababu haikuingia garini. Mimi na mama tulipata chumba mtaa wa Mayfair, nyuma ya duka la vitambaa la Msomali, chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Jiko la umeme lilikuwa mali ya nyumba, likabaki kwenye nyumba. Kwenye ua wa Mayfair mama alilitoa lile jiko la zamani kwenye boksi, akalipangusa, akalijaza mafuta.

Mkaguzi hakuja kutuaga. Nilimchukia kwa muda mrefu. Nilisema, kwa kila aliyetaka kunisikiliza, kwamba alijifanya anatulinda kumbe anajilinda na mwandiko wake mwenyewe. Kwamba ofisi yao ilileta jua kwa nyumba na giza kwa watu. Mama hakunikatiza wala hakuniunga mkono. Nilipozidi, aliniuliza kama na mimi siku ile nilikuwa nimekatwa ulimi. Tangu hapo niliacha.

Nilisikia kwamba walimstaafisha. Kisha nikasikia kwamba walimrudisha kwa mkataba mfupi, kwa sababu vijana waliotumwa badala yake walirudi na fomu tupu, milango haikufunguliwa. Tulikuwa tumekaa Mayfair miaka miwili na msimu wa baridi wa tatu ulikuwa umeingia. Kikohozi cha mama kilikuwa kimebadilika sauti, kikawa kikavu, kifupi, kama mtu anayegonga mbao ndani ya chumba cha mbali.

Nilirudi kutoka sokoni baada ya alasiri nikamkuta Mkaguzi ameketi kwenye kitanda chetu, hakuna kiti. Alikuwa amepungua sana. Buti zile zilikuwa mlangoni, zimepangwa, na miguu yake ndani ya soksi ilikuwa midogo kama ya mtoto. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba bila kuinua macho, na nikaelewa kwamba ananiogopa mimi zaidi ya mama.

Mapaa hapandi tena, alisema, goti. Sasa anapita vyumbani tu. Wakala umeleta mradi Mayfair, vyumba vya nyuma ya maduka, na safari hii mkataba ni mzuri, wa miaka mitano. Fomu imebadilishwa. Alimpa mama, na mama akanipa mimi niisome kwa sauti. Mstari wa kwanza, kwa herufi nene, ulikuwa jina kamili la kila mkazi. Chini yake maelezo kwamba orodha hiyo itabaki kwenye wakala na haitapelekwa kwenye ofisi nyingine yoyote bila amri ya mahakama.

"Sharti hili umelipigania wewe?" mama alimwuliza.

"Mimi. Kwa sababu ya nyumba yenu. Wamenizungusha karibu miaka miwili."

"Mungu akulipe, Bi Mkaguzi. Ni sharti zuri."

"Nimekuja kwako kabla ya mtu yeyote. Chumba hiki kingekuwa cha kwanza." Alitoa kalamu, akaiweka juu ya fomu, juu ya shuka. "Bila jina hawakuwekei kitu. Ukitaja jina, kuna karatasi inayokulinda. Na karatasi ni karatasi, dada yangu, sikufichi. Ofisini anakaa mtu leo, kesho anakaa mwingine. Sijui nikushauri nini. Wallahi sijui."

Sikuwahi kumsikia akisema hajui. Nilitaka kusema kitu. Nilitaka mama ataje jina. Nilitaka lile jiko lisilo na moto, nilitaka kuamka asubuhi na ukimya unitishe tena. Nilimwambia, "Mama, kifua chako." Basi, maneno hayo tu.

Mama aliichukua fomu, akaiangalia kana kwamba anaweza kuisoma. Alipitisha kidole kwenye mstari wa juu, polepole, mwanzo hadi mwisho, akipima urefu wake. Nje mwenye duka alikuwa akibishana na mteja kwa Kisomali, na mtu alicheka.

"Andika kwamba hapa haishi mtu," alisema.

Mkaguzi alimtazama. Hakumbembeleza. Alivaa miwani, akaegemeza karatasi kwenye paja, akaandika, na niliona mikia ya herufi ikirefuka kupita mstari. Alipomaliza aliuliza saa ngapi, akasema ana milango mingine mitatu, lakini hakuinuka.

Ndipo mama akasimama akikohoa, akawasha jiko la mafuta ya taa, akateleka birika, na sisi watatu tukakaa bega kwa bega kitandani, tukingoja maji yachemke katika chumba asimoishi mtu.